Korongo wa Mwami na Mikeka ya Mama Mkwe

Mwami wetu, yaani chifu wetu, alianza kupenda wanyama siku aliposikia kwamba mwami jirani anao.

Ilikuwa miaka ile ya baada ya vita ya pili ya Wazungu, mimi nikiwa bibi arusi mpya kwenye kilima kimoja cha Masisi, upande wa Burungu. Ajenti wa teritware, yaani ofisa wa wilaya, kijana wa Kibelgiji mwenye magoti mekundu kama nyanya, alipita kwetu akaketi na wazee wa baraza, akawaeleza habari za parki kubwa, hifadhi ya wanyama iliyoko mashariki. Kule kuna viboko, alisema, kuna tembo, kuna ngagi, wale nyani wakubwa kuliko mtu. Na ndani ya parki mtu hakati kijiti, hachungi mbuzi, hategi hata panya. Wazee waliitikia kwa heshima kila alichosema, kama walivyoitikia siku zote habari za kodi na za barabara. Lakini Mwami alikuwa akipiga hesabu. Kipande cha parki ile kilikuwa kwenye ardhi ya mwami mwingine, ambaye alishindana naye tangu ujana wao kwa ng'ombe, kwa wake na kwa urefu wa manyoya ya kofia. Sasa mwenzake ana tembo. Yeye ana nini?

Nayajua haya kwa sababu baba wa mume wangu alikuwa mzee wa baraza, na alikuwa na tabia ya kurudia nyumbani maneno yote yaliyosemwa huko, ya kila mtu, kwa sauti ya kila mtu. Maneno yake mwenyewe aliyatengeneza kidogo njiani. Mimi, kama mke wa mtoto wake, sikuruhusiwa kumtazama usoni wala kula mbele yake, kwa hiyo nilikaa nyuma ya ukuta wa jikoni na kusikiliza. Mume wangu hakuwapo. Alikuwa amekwenda Walikale kuchimba kasiterite, mawe ya bati, kwa Wazungu, akaniachia wazazi wake wawili, na mimi sikuwa na sinema nyingine.

"Mwami anatuuliza," Papa mkwe alisimulia, akikunja mdomo kama Mwami, "hapa kwetu tuko na nyama gani? Mumoja anasema, tuko na panya. Mwingine anasema, tuko na fisi, lakini ile iko ya kupita tu. Mwami anakasirika. Njo mimi nikasimama."

"Ukasimama kweli?" Mama mkwe akauliza bila kuinua macho. Alikuwa akisuka mkeka. Sikumbuki siku niliyoiona mikono yake imekaa bure.

"Nikasimama. Nikasema, Mwami, nyama kubwa iko ya bantu ba tamaa. Sisi tuko na kiziba, na ndani ya kiziba tuko na korongo ya taji. Ile nyama inavaa kofia kukupita weye."

"Ulisema hivyo kwa Mwami?"

"Karibu hivyo."

Basi baraza likatoa sheria yake. Mahali patatu padogo pangelindwa, na pote patatu ukipaunganisha pangeenea kwenye shamba moja la Mzungu na nafasi ikabaki. Pa kwanza palikuwa kiziba chetu, bwawa lenye matete na mafunjo chini ya kilima, makao ya korongo wa taji na fisi maji wachache. Pa pili kichaka cha miti mirefu chenye mbega, wale kima weusi wenye mikia myeupe kama mapadri waliovaa kwa haraka. Pa tatu pango la popo, ambalo nadhani lilichaguliwa kwa kuwa hakuna mzee aliyetaka kuingia humo hata bila sheria.

Na mlinzi wa kiziba akawa Papa mkwe, kwa kuwa ndiye aliyefungua mdomo.

Siwezi kusema uongo: kazi ile ilimpendeza kupita kiasi. Alikuwa na koti moja zito la kijeshi lililokosa vifungo, na kuanzia hapo alilivaa hata jua likiwaka. Asubuhi alishuka kizibani kabla ya kula, akasimama kwenye ukingo akiwatazama korongo kama mtu anayetazama ng'ombe zake. Katekista wetu aliombwa achore kibao. Alichora korongo kwa moyo wake wote, na alipomaliza, kila aliyepita aliona kuku aliyejitwika ufagio. Watu wakapaita mahali pale Kwa Kuku. Papa mkwe aliteseka sana kwa jina hilo.

Katekista alitusaidia pia Jumapili. Alihubiri kwamba Mwami wetu amefanya kama Noa, aliyeokoa wanyama wote ndani ya safina. Mama mkwe, aliyekaa kando yangu kwenye mstari wa wanawake, aliinama akanong'ona, lakini kunong'ona kwake kulisikika mpaka kwa wanaume:

"Na mavi ya tembo, nani alifagia? Bibi ya Noa."

Katekista aliharakisha kufika kwenye amina.

Sheria yenyewe ilikuwa fupi. Kizibani hakuna kutega, hakuna kuvua, hakuna kukata matete wala mafunjo, hakuna kunywesha ng'ombe. Waliotunga walikuwa wanaume walioketi chini ya paa. Waliochota, waliokata na waliochunga hawakuwapo, na hilo halikuonekana kama tatizo kwa siku kadhaa.

Wa kwanza kuumia alikuwa jirani yetu wa ng'ambo ya kiziba. Alikuwa mama mrefu, mjane, wa familia ya wafugaji, na asubuhi alipita na vibuyu vyake akiuza maziwa, hivyo nitamwita Mama wa maziwa. Ng'ombe zake zilikunywa kizibani tangu zilipozaliwa. Siku moja Papa mkwe alizizuia, koti likipepea, akishika tawi la mti kama Musa mbele ya bahari.

"Papa," yule mama akamwambia kwa upole, "hizi ngombe hazijue sheria."

"Kibao iko pale. Wasome."

"Hazijue kusoma."

"Basi uwasomee weye."

"Mimi pia sijue kusoma. Weye unajua?"

Papa mkwe alitazama kibao, akatazama ng'ombe. Hakujua kusoma hata herufi moja, na kilima kizima kilifahamu. "Mimi najua yenye iliandikwa," alisema, "ju niliwaambia waandike."

Ng'ombe zikarudishwa. Tangu siku hiyo Mama wa maziwa alilazimika kuzipeleka mbali, kwenye mto ulioko nyuma ya kilima cha mbega, asubuhi na jioni. Ndama mmoja alivunjika mguu kwenye mawe ya njia ile. Kwetu maziwa yalikoma kufika. Nikipishana naye njiani nilisalimu, naye aliitikia salamu yangu bila kusimama. Mimi nilikuwa na mimba changa wakati huo na maziwa ndiyo kitu pekee kilichokaa tumboni mwangu, kwa hiyo niliwachukia korongo kwa chuki safi kabisa.

Kisha ikaja habari kwamba ajenti atarudi, na safari hii anataka kuiona parki ya Mwami kwa macho yake.

Mtu asiyejua mambo ya wakubwa angefikiri kwamba watu walikwenda kukitazama kiziba. La. Waliitazama nyumba. Nyumbani kwa Mwami walipaka chokaa, walifagia, wakaona kwamba mikeka ya baraza imechakaa mpaka mtu akiinuka anabaki na alama za udongo matakoni. Mke mkubwa wa Mwami akatuma mtu kwa Mama mkwe wangu, kwa sababu hakuna aliyesuka kama yeye toka Burungu mpaka Kitchanga. Atengeneze mikeka mipya, mingi, na haraka.

"Na mafunjo nitatosha wapi?" Mama mkwe akamuuliza mjumbe.

"Fasi yenye unatosha siku zote," mjumbe akajibu, kana kwamba mahali anapotoa mafunjo siku zote hapajafungwa, akaenda zake.

Mama mkwe akachukua kisu, akaniambia nibebe kamba. Papa mkwe alikuwa kwenye baraza wakizungumzia namna ya kumkaribisha ajenti.

Tuliingia kizibani upande wa chini, maji yakitufika magotini. Yeye alikata, mimi nilifunga. Korongo walikuwa upande wa juu, mbali, wakitembea polepole kama wageni wa heshima, na hawakujali lolote. Tulikuwa na matita mawili makubwa na tumekwisha kupanda ukingoni, kichwani kwangu kuna tita linalodondosha maji ndani ya shingo, tulipokutana uso kwa uso na Mama wa maziwa. Alikuwa akitoka mbali na ng'ombe zake, amechoka, miguu ina matope. Alitutazama. Akatazama mafunjo. Nikaona uso wake ukifunguka kama wa mtu aliyeletewa zawadi.

Akapiga yowe. Lile la moto, lile la simba, lile ambalo likipigwa mtu anatoka hata chooni. Watu wakateremka kutoka vilima vyote na mikuki na majembe, wakatukuta wanawake wawili tumebeba majani.

"Wezi ba Mwami!" alisema Mama wa maziwa, akinyoosha kidole. "Muke ya mulinzi mwenyewe! Na mukwe wake!"

"Piga kelele vizuri," Mama mkwe akamjibu. "Kule Walikale hawajasikia."

Alijibu hivyo, lakini mkono wake ulikuwa umeukamata wangu. Ilikuwa mara ya kwanza anishike mkono tangu niolewe. Mpaka siku ile nilimwogopa kuliko radi.

Polisi wa Mwami alitupeleka moja kwa moja barazani, na matita yetu kichwani kama ushahidi. Baraza lilikuwa bado limeketi. Ninaona uso wa Papa mkwe mpaka leo: kwanza alifurahi, akidhani kwamba sheria yake imekamata mtu. Kisha akaona ni nani.

Mwami alimwambia Mama wa maziwa aseme. Alisema vizuri, kwa utulivu, hakuongeza kitu. Ng'ombe zake zimekatazwa maji. Amekubali. Ndama amevunjika mguu. Amekubali. Leo amekuta mke wa mlinzi ndani ya kiziba na kisu. Anataka tu kujua kama sheria iko ya ng'ombe peke yake. Wazee wakatazama chini. Hata mimi, mshtakiwa, niliona ana haki.

Mwami akamgeukia Papa mkwe. "Kiziba iko yako. Kata maneno."

Papa mkwe akasimama na koti lake. Yule aliyeiga sauti za watu wote kijijini hakupata hata moja ya kutumia.

"Huyu atanihukumu namna gani?" Mama mkwe akasema. Alikuwa bado na tita kichwani, na maji yalikuwa yakimtiririka masikioni. "Jana alikula bugali yangu. Leo ananihukumu. Basi kesho akule hukumu."

Watu walianza kucheka nyuma. Mwami akainua mkono. "Mama, ulikata mafunjo ao haukukata?"

"Nilikata, Mwami. Lakini mimi pia niko na swali moja. Mafunjo hii iko ya kufanya nini?"

"Mikeka, nazania."

"Mikeka ya nani?"

Mke mkubwa wa Mwami, aliyesimama mlangoni, alirudi ndani kama mtu aliyekumbuka chungu motoni.

"Iko ya hapa," Mama mkwe akasema. "Walinituma toka hapa, nifanye mikeka ya kupokea muzungu, mwenye anakuja kuona fasi yenye bantu hawakatake mafunjo. Tena ile yenye mulikalia sasa hivi, ilitoka wapi? Nani alisuka? Kama mafunjo ya kiziba iko ya korongo, basi muiache. Mutoke juu yake wote."

Mzee mmoja mnene, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka mpana zaidi, alianza kujisogeza taratibu kuelekea kwenye udongo, upande mmoja wa tako kwanza, halafu wa pili, akidhani hatuoni. Hapo kicheko kilipasuka. Alicheka polisi, walicheka wazee, mimi nilicheka mpaka tita likanidondoka. Nilimwona Mama wa maziwa akijikaza, akijikaza, halafu akafunika uso kwa ncha ya kikwembe alichojifunga, mabega yakitikisika.

Mwami ndiye hakucheka. Aibu ilikuwa imeingia nyumbani kwake na ilihitaji kutoka kwa mlango fulani. "Basi sheria iko ya bure," alisema kwa ukali. "Tuivunje. Wakate yote, ngombe ziingie, korongo waende kwa jirani."

Wazee wakaanza kuitikia, kama kawaida yao. Ndipo Papa mkwe alipopata sauti, na haikuwa ya mtu mwingine.

"Mwami, ngoja," alisema. "Ile vita ya kwanza, nilikuwa kijana. Bazungu balitukamata tubebe sanduku za risasi mpaka Tabora. Munajua. Benye balibakia kwa njia, munajua pia. Mimi nilipata homa. Walinitosha muzigo, wakaniacha kando ya njia, ju muntu wa kufa habebake kitu. Asubuhi nikasikia korongo. Nilizania niko hapa, kwa kiziba, na mama yangu anachota maji. Nikasimama nimuendee." Akaushika ukingo wa koti lake. "Hakukuwa mama. Lakini nilikuwa nimekwisha simama. Njo vile nilirudi. Padri asinisikie, lakini sikusimama ju ya Mungu. Nilisimama ju ya ile ndege."

Akaketi, kwenye udongo.

Nilimtazama usoni, bila kufikiri, mimi niliyekatazwa. Mama mkwe pia alikuwa akimtazama. Alikuwa ameishi naye miaka yote ile, amemzalia watoto, amesikia kutoka kwake maneno ya kila mtu wa Masisi, na haya hakuyasikia kamwe.

"Ju ya nini haukusemaka hivi mbele?" alimuuliza, mbele ya baraza zima, kama vile wako nyumbani.

"Haukuuliza."

"Nani anaulizaka bwana yake kama alishapenda ndege?"

Akalitua tita lake chini. Halafu akamgeukia si Mwami bali Mama wa maziwa. "Dada, weye unapita kizibani kila siku. Korongo wanataga fasi gani?"

"Juu," alijibu yule, bado akijifuta macho. "Kwenye matete ya juu. Chini hawafikake, fisi maji wanawasumbua."

"Basi mimi nikikata chini, nitawavunjia nini?"

"Hakuna kitu. Lakini ngombe zangu?"

"Maji inatokaka wapi?"

"Kule chini, kwa mufereji."

"Wachimbe pale, zikunywe. Ao ngombe yako inataka kukunywa inaona taji?"

Wakaendelea hivyo, wawili wakibishana juu ya vichwa vya wazee kana kwamba wanaume walikuwa mawe ya kuvukia mto. Mama wa maziwa alitaka uwanja mpana wa kunyweshea, Mama mkwe akasema ni mpana mno, ng'ombe zitaingia kwenye mafunjo yake. Mama mkwe alitaka kukata mwaka mzima, Mama wa maziwa akasema hapana, kiangazi tu, makinda yakisharuka. Walipokubaliana, Mwami alikohoa, akanyoosha kofia, na akatangaza kila neno walilosema kama hukumu yake. Aliongeza adhabu moja ili isionekane tumeshinda: mimi na Mama mkwe tungechimba kinyweo cha ng'ombe, na yule aliyetushtaki angetusaidia, kwa kuwa alipiga yowe la simba bila simba.

Tulichimba. Mama wa maziwa alichimba vizuri kuliko sisi wawili. Siku ya pili alileta kibuyu cha maziwa ya kuganda, akaniwekea mbele bila kusema lolote, nikanywa chote hapohapo ndani ya shimo.

Ajenti akaja. Mikeka mipya ilikuwa tayari, imesukwa kwa mafunjo yale yale ya ushahidi, maana hakuna aliyefikiri kuyatupa. Aliketi, akapapasa mkeka, akasema ni mzuri, umetoka wapi? Mwami akajibu kwamba umetoka mbali.

Kisha msafara ulishuka kizibani. Papa mkwe mbele na koti lake, ajenti, Mwami, wazee, halafu kilima kizima. Tukafika. Maji yalikuwapo, matete yalikuwapo, kibao cha kuku kilikuwapo. Korongo hawakuwapo, hata mmoja.

"Wako wapi?" ajenti akauliza.

"Wanalala," Papa mkwe akasema.

"Saa hii?"

"Iko ndege ya heshima."

Tulisubiri. Jua lilipanda. Magoti ya ajenti yalizidi kuiva. Ndipo mtu mmoja wa nyuma akanyoosha kidole juu ya mteremko, na wote tukageuka. Korongo walikuwa wamejaa kwenye shamba la Papa mkwe, mahindi yakiwa ndiyo kwanza yanachipua. Walikuwa wakitembea mstari baada ya mstari, wakiinamisha taji zao za dhahabu, waking'oa chipukizi moja moja kwa adabu kubwa.

Papa mkwe alisahau kila kitu. Alisahau Mwami, Mzungu na Tabora. Alipanda mteremko akikimbia, akawarushia fimbo yake, halafu kiatu, halafu mabonge ya udongo, akiwaita watoto wa shetani, walafi, ndege za haya kidogo, na jina moja la Kihunde ambalo siwezi kuliandika kwa sababu wajukuu zangu wanasoma. Korongo waliruka, wakatuzunguka juu ya vichwa, mabawa meupe na mekundu yakiwaka kwenye jua, wakatua kizibani mbele yetu mmoja baada ya mwingine. Walikuwa wazuri mno. Watu walisema "Aaah" kwa pamoja, hata mimi.

Ajenti alikuwa ameketi kwenye majani, anacheka mpaka machozi. Papa mkwe aliporudi akihema, kiatu mkononi, ajenti alimwambia kwa Kiswahili chake kilichovunjika, "Wewe kulinda ndege. Nani kuzuia wewe kupiga ndege?"

Alituambia kwamba mahali petu ni padogo mno, hapaonekani kwenye ramani, na kwamba hata hivyo atawasimulia wenzake. Mwami alisikia hilo la mwisho tu. Aliuliza kama atamsimulia pia yule mwami mwenye tembo. Ajenti akaahidi, na kwa hiyo sherehe ya siku ile ilikuwa kubwa, na kasiksi, pombe yetu ya ndizi, haikwisha upesi.

Mume wangu alirudi wakati wa Noeli, mwembamba, akikohoa vumbi la mgodi. Nilimpeleka kizibani nimwonyeshe. Alitazama, akatazama tena, akidhani kuna kingine nyuma.

"Ni hii tu?" alisema. "Kule Walikale kuna pori, unatembea siku nzima hauone mbingu. Hakuna mwenye analinda. Nyinyi munalinda hii bakuli?"

"Na ile pori, iko ya nani?" nilimuuliza.

Alifikiri. "Ya kampuni, nazania."

Hakukidharau tena, na nilimwona baadaye akiwa amesimama na baba yake ukingoni, wakibishana ni korongo yupi mume na yupi mke. Hakuna aliyejua. Korongo wote wamevaa sawa.

Mahali pengine pawili hapakudumu. Kichaka cha mbega kilikatwa barabara ya shamba la pareto ilipopita, na wazee waliitikia. Pango la popo lilisahauliwa, jambo ambalo labda popo walilipenda. Kiziba kilibaki, na mimi nadhani kilibaki kwa sababu palikuwa na watu wawili waliogombana juu yake kila siku ya Mungu. Ng'ombe ikivuka alama, Mama mkwe alipiga kelele. Kisu kikionekana kabla ya kiangazi, Mama wa maziwa alipiga kelele zaidi. Baraza halikukaa tena juu ya habari za kiziba. Halikuhitajika.

Niliishi pale mpaka binti yetu wa pili alipoanza kutembea, halafu mume wangu akaniita nimfuate Walikale. Asubuhi ya safari nilikwenda kuaga. Papa mkwe hakuwa nyumbani wala Mama mkwe. Niliwakuta kizibani, upande wa juu, wamechuchumaa kwenye umande. Korongo wawili walikuwa wakicheza, wanaruka, wanainama, wanarusha majani hewani. Papa mkwe alikuwa akimweleza mkewe jambo kwa sauti ya chini, naye alikuwa ameweka mikono miwili magotini, haisuki chochote.

Nilisita kuwasumbua. Lakini gari la mizigo lilikuwa linapiga honi barabarani, kwa hiyo nilisogea, nikapiga magoti, nikaaga. Mama mkwe alinivuta karibu, akanishika shingo.

"Ukifika kule," aliniambia sikioni, "usikubali wakuambie pori iko kubwa. Tafuta fasi yako kidogo, ugombane na muntu ju yake."

Kisha akanisukuma nisichelewe, akageuka kuwatazama ndege.